Nilimwambia ni hofu ya mtihani, kumbe moyo wake una njia ya panya

Ilikuwa saa tano usiku, wiki ya mitihani ya nusu muhula. Nilitoka chumbani kwenda kunywa maji nikamkuta mdogo wangu amepiga magoti bafuni, uso wote umezama ndani ya ndoo. Nikapiga kelele. Akainua kichwa, maji yanamchuruzika hadi kwenye fulana, akaniangalia kama mtoto aliyekutwa anaiba sukari.

“Unafanya nini?”

“Moyo ulikuwa unakimbia, dada. Umeshaacha.”

Nikamwambia aende kulala. Nikaongeza, kwa ule ujuaji wetu waandishi wa habari za afya, kwamba hiyo ni hofu ya mtihani, avute pumzi taratibu na apunguze chai ya usiku. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemaliza makala kuhusu wasiwasi kwa wanafunzi, na ukishaandika jambo kwa maneno 1,200, kila unayekutana naye unamwona analo.

Miaka miwili imepita tangu usiku ule. Mwenyewe ameniruhusu niandike kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na niseme wazi kwamba ndoo ilikuwa ubunifu wake, hakufundishwa na mtu. Nimekubali yote mawili.

Kwetu ni pwani ya Tanga. Baba ni mvuvi, mama anakaanga samaki. Mimi ndiye wa kwanza, yeye ndiye kitinda mimba, na tangu aingie kidato cha kwanza anaishi na mimi Tabata. Nilipokuja kumhoji kwa utulivu, baada ya mambo yote, ndipo akanieleza kwamba moyo wake ulianza kukimbia akiwa na miaka kumi. Siku ya kwanza alikuwa anacheza ufukweni na wenzake. Akaona kifua kinapiga ngoma, miguu inalegea. Akaogopa kusema asije akachekwa, akajitupa majini pamoja na wengine, akazama. Alipoibuka moyo ulikuwa umetulia. Tangu siku hiyo akawa na dawa yake: ukikimbia, tafuta maji.

Mara moja tu ilimshika mbele ya mama, jioni ya magharibi, akakaa chini barazani uso umempauka. Majirani wakasema kapigwa na upepo. Mama akampeleka kwa sheikh wa mtaani kwetu kunywa kombe. Nataka nimtendee haki mzee yule, kwa sababu kati ya watu wazima wote tuliomwona mtoto kabla hajaanguka, ni yeye peke yake aliyeangalia vizuri. Alimwambia mama, “Kombe anywe, lakini shingo ya huyu inacheza. Kesho mpelekeni hospitali.” Asubuhi walipofika hospitali, shingo haichezi, moyo umetulia. Wakapima malaria, wakapima wingi wa damu, wakaambiwa mtoto mzima.

Huo ndio ugumu wa ugonjwa huu kwa mzazi. Unakuja kama mtu aliyewasha swichi na unaondoka kama mtu aliyeizima. Unafika hospitali na mtoto anayetabasamu, halafu unaonekana mama mwenye kiherehere.

Swichi ya mwisho iliwashwa Jumamosi moja kwenye uwanja wa shule. Rafiki yake alinipigia simu: “Dada, njoo, kaanguka.” Nilipofika kwa bodaboda alikuwa amezinduka, amelala chini ya mwarobaini, midomo imekauka, jasho la baridi. Mwalimu wa michezo alikuwa anampepea kwa daftari, akasema labda hakunywa chai. Nikaweka vidole kwenye kifundo cha mkono nikaangalia saa ya simu. Kwa sekunde 15 nilihesabu 53, na nina hakika mengine yalinipita. Zidisha mara nne: 212 kwa dakika. Mtoto wa umri wake akiwa amepumzika hutarajiwa awe kati ya 60 na 100 hivi. Hata angekuwa ametoka kukimbia, tayari alikuwa amelala chini kwa dakika ishirini.

Nilijua namba hizo. Nilishaziandika gazetini. Ila sikuwahi kuweka vidole vyangu kwenye mkono wa mdogo wangu.

Safari hii tuliwahi. Hospitalini walimbandika nyaya za kipimo cha umeme wa moyo, ile ECG, wakati moyo bado unakimbia. Kwa wazazi wanaosoma hapa, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyojifunza: karatasi ya ECG iliyochukuliwa wakati moyo unakimbia ina thamani kuliko vipimo kumi vya siku ambayo mtoto yuko salama. Kama kituo cha karibu kina mashine hiyo, kimbilia hapo kwanza, mengine yatafuata. Kama hakina, mwombe mhudumu ahesabu mapigo kwa dakika nzima na ayaandike kwenye daftari la mtoto, na wewe rekodi video ya shingo na kifua kwa simu.

Daktari wa zamu, kijana wa umri wangu, alimpa bomba la sindano tupu akamwambia apulize kwenye ncha kwa nguvu hadi kisukumio cha ndani kitikisike, aendelee kwa sekunde 15. Kisha wakamlaza chali ghafla na kumnyanyua miguu juu. Nilidhani ni mzaha. Kumbe ni tiba iliyopimwa: utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2015 kwa watu wazima ulionyesha kwamba kupuliza na kunyanyuliwa miguu kulirudisha mapigo ya kawaida kwa wagonjwa 43 kati ya 100, wakati kupuliza kwa namna ya zamani kulisaidia 17 tu. Kukaza pumzi namna hiyo kunaamsha mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kichwani hadi moyoni, ambao kazi yake mojawapo ni kuwa breki. Maji baridi usoni yanaamsha mshipa huo huo. Kwa hiyo mtoto wa mvuvi alikuwa amegundua breki ya moyo wake kwa kuzama baharini, na mimi mwenye shahada nikamwambia aende kulala.

Kwa mdogo wangu bomba halikufua dafu. Ikabidi achomwe dawa iitwayo adenosini, huku mashine ya kushtua moyo ikiwa imesogezwa kando ya kitanda. Daktari alimwambia kabla, “Utajisikia vibaya sana, lakini ni sekunde chache.” Dawa hiyo inafunga kwa muda mfupi kituo kinachopitisha umeme wa moyo. Kwenye skrini mstari ukanyooka. Mimi nikashika ukingo wa kitanda. Halafu likaja pigo moja, likaja jingine, na moyo ukaanza kutembea kama moyo wa watu.

“Dada,” akaniambia, “nimekufa nikarudi.”

Baada ya hapo walipima ECG ya pili, na daktari akaniita niione. Kwa kawaida kila pigo huandikwa kwenye karatasi kama mlima mwembamba unaopanda wima. Milima ya mdogo wangu ilikuwa na mguu: ilianza kupanda mapema kwa mteremko, ndipo ikasimama. Nikauliza maana yake.

“Kwenu wapi?” akaniuliza.

“Tanga.”

“Basi Horohoro unapajua.”

Akachora moyo kwenye nyuma ya fomu. Vyumba viwili juu, viwili chini, na katikati mpaka. Mpaka huo ni nyuzi ngumu zisizopitisha umeme. Umeme wa moyo huanzia chumba cha juu upande wa kulia, unasambaa, halafu ukitaka kushuka chini lazima upite kwenye kituo kimoja tu cha mpakani. Pale hucheleweshwa kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu kabla vya chini havijasukuma. Ucheleweshaji huo ndio usalama wenyewe.

“Sasa huyu,” akasema, “kazaliwa na njia ya panya.”

Kiuzi cha msuli kilibaki kimevuka mpaka mahali pasipo na kituo. Umeme unapita hapo bila kusimamishwa, unawahi kufika chini, ndiyo maana mlima unaanza na mteremko. Siku nyingi hakuna madhara. Lakini siku nyingine mzigo unashuka kihalali kupitia kituoni, unarudi juu kwa njia ya panya, unashuka tena, unarudi tena, mara mia mbili na zaidi kwa dakika, hadi kitu kikatize mzunguko. Hiyo ndiyo mbio aliyokuwa anaizima kwa ndoo.

Nilitaka kujua kama inaua. Daktari hakuzunguka. Mbio hizo zenyewe mara nyingi haziui kijana mwenye moyo imara, ingawa zikidumu kwa saa nyingi moyo huchoka. Hatari kubwa ni nyingine na ni nadra: vyumba vya juu vikivurugika kabisa na kutoa mapigo mamia kwa dakika, kituo cha halali kitachuja, lakini njia ya panya inaweza kupitisha karibu yote. Vyumba vya chini vikipokea fujo hiyo vinaweza kuishia kutetemeka bila kusukuma damu. Hapo mtu huanguka na asiamke. Katika hali hiyo ya fujo, baadhi ya dawa zinazotumika kila siku kupunguza mbio za moyo, kama verapamili na digoksini, huweza kuzidisha hatari kwa sababu zinabana kituo na kuiacha njia ya panya wazi. Ndiyo maana mtoto mwenye tatizo hili anatakiwa atembee na karatasi inayolitaja. Ya mdogo wangu tumeilaminisha, iko kwenye begi la shule, na nakala iko kwenye simu yangu na ya mama.

Hali hii inaitwa Wolff-Parkinson-White, kwa majina ya madaktari watatu, wawili wa Boston na mmoja wa London, walioielezea mwaka 1930 kwa wagonjwa 11, wengi wao vijana wazima waliokuwa wanashikwa na mbio za moyo za ghafla. Dalili yake kwenye ECG hupatikana kwa mtu mmoja hadi watatu katika kila 1,000. Fikiria shule ya wanafunzi 1,000 unayoifahamu. Wengi wao hawatajua maisha yao yote.

Ningeishia hapo, makala ingekuwa fupi na ya kufurahisha. Lakini daktari alisema neno moja zaidi: “Kabla hatujampongeza, tunataka eko.”

Eko ni kipimo cha kuuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti, kama kile wanachopimwa wajawazito. ECG inakuonyesha umeme, eko inakuonyesha nyumba: kuta, vyumba, milango. Nilikuwa nafikiri tatizo la umeme ni la umeme na tatizo la nyumba ni la nyumba. Kwa watoto wengi wenye njia ya panya ni hivyo, moyo ukiangaliwa umejengwa sawasawa. Lakini wapo ambao fundi alikosea vyote kwa pamoja, na mdogo wangu yumo.

Mlango wa upande wa kulia, ule unaotenganisha chumba cha juu na cha chini, haukukaa mahali pake. Umeshuka chini kuelekea ncha ya moyo, na sehemu ya chumba cha chini imekuwa kama baraza ya chumba cha juu. Wanaiita hitilafu ya Ebstein. Ya kwake ni ndogo: mlango unavuja kiasi, chumba cha juu kimetanuka kidogo, hahitaji upasuaji kwa sasa. Wapo watoto wanaozaliwa nayo kali, wakawa na rangi ya bluu midomoni tangu siku ya kwanza.

Mama alikuja kwa basi la asubuhi. Alimsikiliza daktari wa watoto hadi mwisho, mikono imeshika mkoba, halafu akauliza swali ambalo mama yeyote angeuliza. “Nilikula nini, daktari?”

“Hukula chochote, mama.”

Daktari alimweleza taratibu, na mimi nikaandika. Mlango huo wa moyo unapotengenezwa tumboni, katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, vipande vyake hubanduka kutoka kwenye ukuta wa msuli, kama maganda ya mgomba yanavyobanduka kwenye shina. Kwa wenye Ebstein, kubanduka huko hakukamiliki, ndiyo maana mlango unabaki umeganda chini. Na kwa kuwa mpaka usiopitisha umeme unajengwa mahali hapo hapo, kando ya mlango, mpaka nao hubaki na mapengo, na kwenye mapengo hayo nyuzi za msuli huvuka. Kosa la ujenzi ni moja, linaonekana mara mbili. Kati ya asilimia 10 na 30 ya watu wenye Ebstein wana njia ya panya, na si ajabu wakawa nazo zaidi ya moja. Kuna dawa moja ya magonjwa ya akili, lithiamu, ambayo imehusishwa na hitilafu hii ikitumika mwanzoni mwa mimba. Hatari ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa zamani, na anayeitumia asiiache bila kuongea na daktari wake. Mama hajawahi kuiona.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, “Basi mtoto kanambia mara ngapi kachoka, nikamwita mvivu.” Hilo hakuna daktari aliyeweza kumjibu. Mimi nilikuwa nafikiria ndoo.

Usiku huo nilisoma habari za Wilhelm Ebstein. Mwaka 1866, katika mji wa Breslau, ambao sasa ni Wrocław nchini Poland, alieleza moyo wa kibarua wa miaka 19 aliyefariki. Kijana huyo alikuwa na pumzi fupi na mapigo ya kwenda mbio tangu utotoni. Ebstein aliuona mlango ulioshuka na kuuchora kwa makini sana. Mbio za moyo aliziandika tu, hakuwa na namna ya kuzielewa, maana mashine ya kupima umeme wa moyo ilikuwa haijatengenezwa. Sikulala vizuri. Mdogo wangu alikuwa na miaka 15.

Kilichofuata kilikuwa kesi ya kifamilia. Madaktari walipendekeza achomwe njia ya panya. Hawafungui kifua: wanaingiza nyaya laini kupitia mshipa wa damu kwenye kinena hadi moyoni, wanatafuta umeme unavukia wapi, kisha ncha ya waya inapashwa moto na kuunguza uzi huo ukatike. Hapa nchini huduma hiyo ipo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kwa moyo uliojengwa sawasawa, zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi hupona moja kwa moja. Kwa mwenye Ebstein, walituambia bila kuficha, matokeo ni pungufu na njia huweza kufunguka tena, kwa sababu mlango umepinda, ukuta ni mwembamba, na njia zenyewe huwa nyingi.

Baba akakataa. Alikataa kwa simu, sauti ya upepo nyuma yake. “Mtoto anatembea, anakula, anacheka. Mnataka kumchoma moyo?” Sikuwa na jibu la kitaalamu ambalo lingemfaa. Nikamweleza habari ya mvuvi. Mwaka 1968, huko North Carolina, Marekani, mtu wa kwanza duniani kukatwa njia hii kwa mafanikio alikuwa mvuvi. Moyo wake ulikuwa unakimbia hadi akashindwa kazi. Daktari Will Sealy wa Chuo Kikuu cha Duke alimfungua kifua akautafuta uzi, akaukata.

Baba akanyamaza. “Mvuvi?”

“Mvuvi, baba.”

“Wakampasua kifua?”

“Walimpasua. Siku hizi wanapita kwenye kinena.”

Hakusema ndiyo. Siku tatu baadaye akatuma pesa ya nauli, na ujumbe wenye neno moja: “Nendeni.” Baadaye mama aliniambia kilichomgeuza hasa. Si mvuvi wa Marekani. Ni kwamba alikaa akafikiria mtoto akizimia ndani ya ngalawa, usiku, na hakuna mtu wa pili.

Siku ya kuchomwa tulikaa kwenye benchi zaidi ya saa tatu. Njia zilikuwa mbili, jirani kabisa. Zote zikachomwa. Jioni tuliletewa ECG mpya na kwa mara ya kwanza niliona milima ya mdogo wangu ikipanda wima bila mguu. Nikaipiga picha nikamtumia kila mtu niliyemfahamu, wakiwemo watu wasiojua ni nini. Mmoja akajibu, “Hongera kwa kiwanja.”

Miezi minne baadaye swichi ikawashwa tena, mara moja, kwa dakika sita, darasani. Njia moja imefunguka. Sikushangaa, maana tulishaonywa, lakini nililia. Yeye hakulia. Alitoka nje ya darasa kwa ruhusa, akalala chali chini, akakaza pumzi kama alivyofundishwa, akamwomba rafiki amnyanyue miguu, akasubiri. Ikaacha. Akarudi kumalizia hesabu. Sasa anatumia vidonge vya kila siku na anasubiri kuchomwa mara ya pili.

Maswali mengi ninayoulizwa na wazazi tangu nianze kuongea habari hii ni ya watoto wachanga, na pale naomba msikilize kwa makini. Mchanga hawezi kusema moyo unakimbia. Anakataa kunyonya, anatoka jasho akinyonya, anapumua haraka, anapauka, analialia kisha analegea. Moyo wa mchanga kwa kawaida huenda mbio kuliko wetu, na akilia huenda zaidi, lakini ukizidi 220 kwa dakika akiwa ametulia, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Hospitalini wanaweza kumwekea kitu cha baridi sana usoni kwa sekunde chache. Wewe usijaribu nyumbani kwa mchanga, usimzamishe majini, na usimbonyeze macho wala shingo. Hayo ya kubonyeza macho yaliwahi kufanywa zamani na yanaumiza jicho.

Kwa mkubwa, mtoto akizimia katikati ya mchezo usikubali jibu la “hakula” mpaka apimwe ECG. Hata kama ni kweli hakula. Na kama ECG imeonyesha njia ya panya, uliza kuhusu eko. Kama eko imeonyesha Ebstein, au misuli ya moyo iliyonenepa isivyo kawaida, uliza kuhusu umeme. Ipo misuli ya namna hiyo ya kurithi inayokuja pamoja na njia ya panya, kwa hiyo taja pia ndugu aliyewahi kufa ghafla akiwa kijana. ECG nzuri siku moja haimalizi maneno, maana ziko njia zinazopitisha umeme kwa kurudi juu tu, na hizo hazionekani moyo ukiwa umetulia. Hapo utarudi tena, na utaonekana una kiherehere, na ni sawa.

Ndoo sijaitupa, ila ina sheria. Hazami tena akiwa peke yake, ndani wala nje. Mtu anayeweza kuzimia hatakiwi kuweka uso kwenye maji bila mwangalizi, na baharini haendi kabisa mpaka daktari aseme. Hilo la bahari ndilo linalomuuma. Wenzake wanajifunza kutega nyavu na yeye likizo nzima anakaa barazani.

Mama amejifunza kuhesabu mapigo kwa tasbihi. Ile ya punje 99. Anashika mkono wa mwanawe kushoto, tasbihi kulia, mimi naangalia saa. Kila pigo punje moja. Moyo ukiwa umetulia dakika inaisha kabla hajafika mwisho wa tasbihi, mara nyingi anaishia themanini na kitu, anatabasamu. Alimuuliza daktari kliniki afanyeje siku moyo ukikimbia, maana vidole vyake havina kasi ya mia mbili.

“Mama, ukishindwa kuufuata, acha kuhesabu,” daktari akamwambia. “Jibu umeshalipata. Mlete.”

Juzi alinipigia kutoka Tanga, likizo imeanza. Nikamwamkia, akaitikia, akapitiliza salamu zote.

“Themanini na mbili,” akasema. “Na baba yako anauliza, tarehe ya kuchomwa ni kabla ya kaskazi au baada?”